Mdomo Umefunga, Sauti Bado Inakuja

Wangare hakujua kwamba alikuwa akiitwa. Shule zilikaribia kufunguliwa, na Barabara ya Mburu Gichua mjini Nakuru ilikuwa imefurika wazazi wenye masanduku ya bati na magodoro, wachuuzi wa soksi wakiwaandama. Yeye alikuwa akipenya katikati yao, sweta ya rangi ya haradali imefungwa kiunoni, sketi ya jinzi, raba nyeupe alizozisugua asubuhi ile ile, na uso uliokunjamana kama wa mtu aliyetoka kugombana. Ndipo mtu akamgusa kiwiko.

Aligeuka kwa ukali. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwembamba, shati la drafti limechomoka upande mmoja, anahema. Midomo yake ilikuwa imeshafika katikati ya maneno.

"...mpaka nimeishiwa na pumzi, dada!"

"Rudia," Wangare akasema. "Mwanzo umenipita."

"Nasema nimekuita tangu pale kwa masufuria. Nikasema huyu msichana ana maringo, wacha nione yanaishia wapi." Akafungua kiganja. Palikuwa na flash ndogo ya kompyuta yenye uzi mwekundu. "Umeangusha hii."

Wangare akaichukua upesi, akaifumbata. Kisha akasogeza nywele, akaonyesha kifaa cha kusikia kilichokaa nyuma ya sikio. "Mimi siringi. Masikio ndiyo yanaringa. Siku nyingine ukiniita, niite kwa mbele."

Watu wengi wakishaambiwa hivyo huanza kupiga kelele, au huvuta midomo kama wanaomlisha mtoto uji. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Alizunguka kidogo tu mpaka jua likampiga usoni, akasema kwa mwendo wake ule ule: "Sawa. Naitwa Kimeli. Sasa unaniona?"

"Nakuona."

"Na ndani ya hiyo flash kuna nini? Umeishika kama umerudishiwa mtoto."

Pengine ni kwa sababu alikuwa na hasira na hakuwa na wa kumwambia. Wangare akasema ukweli wote. "Kuna video ya baba yangu. Imeharibiwa, na aliyeiharibu ameniambia shida ni macho yangu."

"Imeharibiwa vipi?"

"Mdomo umefunga, sauti bado inakuja."

Kimeli akaacha kutabasamu. Akaonyesha kwa kidole ghorofa iliyokuwa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la mbegu. "Mimi kazi yangu ni hiyo ya video. Panda tuione."

Hiram Mbugua, babake Wangare, alikuwa mkulima wa viazi na njegere huko Molo, na katika maisha yake yote hakuwahi kuishiwa na la kusema. Madaktari walipomwambia kwamba uvimbe wa kooni mwake hauna dawa ila kisu, na kwamba kisu hicho kitaondoka na sauti yake, alirudi nyumbani, akavaa koti lake la kanisani, akaiegemeza simu kwenye pakiti za unga, akaketi sebuleni na kuongea karibu saa nzima. Alieleza alivyolipata shamba, alivyomwoa mama watoto, na walivyofukuzwa mwaka ule wa fujo za uchaguzi kisha wakarudi. Alimwita kila mtoto kwa jina lake na kumpa neno lake. Wangare, kitinda mimba, alimweka mwisho. Baada ya hapo akaenda hospitalini, akapasuliwa, akapona. Alirudi Molo akiwa na tundu dogo shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na mdomo unaocheza bila mlio.

Wangare alikuwa hajaanza shule homa ya uti wa mgongo ilipomwachia masikio ya kubahatisha. Kifaa humletea mlio, lakini maneno huyaokota mwenyewe midomoni mwa watu, na kwa kuwa alifundishwa kufanya hivyo kwa Kiswahili shuleni, nyumbani kwao wote huongea naye Kiswahili. Sasa ikawa yeye peke yake ndiye aliyemwelewa Mzee bila kalamu na karatasi. Wengine walimpigia simu ya video kumwuliza, "Wangare, hebu mwangalie baba, anataka nini?"

Familia ilipanga sherehe ya shukrani, waalike kanisa na majirani, na ile video ionyeshwe kwenye televisheni kubwa. Kioo cha simu ya Mzee kilikuwa na nyufa kiasi kwamba uso wake haukuonekana, kwa hiyo video ikapelekwa kwa fundi mmoja mjini, akaibadilisha iweze kuchezwa kwa flash. Mwanzoni mwa video Mzee aliongea vizuri. Baadaye mdomo na sauti vikaanza kuachana. Mwisho kabisa, pale pa Wangare, Mzee alikuwa ameshanyanyuka na kuja kuizima simu, huku sauti yake ikiendelea kubariki kiti kitupu.

Ndugu zake hawakuona shida, maneno waliyasikia. Wangare hakupata kitu. Sauti ilimwambia hivi na midomo ikamwambia vile, akawa kama mtu anayesomewa vitabu viwili kwa wakati mmoja. Alimwomba babake arudie kwa mdomo tu. Mzee akakataa: "Nilisema nikiwa na sauti. Siwezi kusema tena bila." Na Wangare naye hakutaka kuambiwa na mwingine maneno ambayo babake alimwambia yeye.

Chumba cha Kimeli kilikuwa kidogo, mlango na ukuta wa mbele vyote vya kioo, taa za kupigia picha zimebanwa kwenye kona. Alitazama mwanzo wa video, akaruka katikati, akaenda mwisho.

"Macho yako hayana shida," akasema, na Wangare akahisi mabega yakimshuka. "Kama sauti ingekuwa imechelewa kiasi kimoja tangu mwanzo, ningeisukuma mbele tu, uende. Lakini hii inazidi kuchelewa vile video inaendelea. Wacha nijaribu kuikaza."

Akaikaza sauti ili imalizike pamoja na picha. Akacheza mwanzo. Wangare akaweka mkono kwenye kifaa chake, akakunja pua.

"Huyo si baba. Huyo ni mbuzi."

Kimeli akacheka mpaka akashika meza. Akarudisha ilivyokuwa. Wakaitazama tena kwa makini, vichwa vimekaribiana, Kimeli akinukia sabuni ya mche na kahawa. Wangare hakuangalia mdomo safari hii. Aliuangalia ukuta.

"Simamisha! Rudisha nyuma kidogo. Ona dirisha."

"Dirisha limefanya nini?"

"Hapa jua linaingia, na mdomo uko sawa na sauti. Hapa wingu limefunika, sebule imekuwa giza, na ndio mdomo unaanza kukimbia. Sasa jua limerudi. Haijazidi kuchelewa. Wingu tena, imezidi."

Kimeli akatazama, akatazama tena, kisha akaegemea kiti na kushika kichwa. "Woi! Ni hiyo! Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Kukiwa na mwanga inapiga picha nyingi. Giza likiingia inapunguza, ipate kuona. Ndani ya simu kila picha ina alama ya saa yake, kwa hivyo hakuna shida. Sasa mtu akaibadilisha na programu ambayo haijali alama. Ikazipanga picha zote kwa mwendo mmoja. Zile chache za wakati wa wingu zikapita mbio, sauti ikabaki nyuma."

"Inatengenezeka?"

"Si kutoka kwa hii flash, alama zimepotea. Niletee simu yenyewe. Na usinitumie kwa WhatsApp, itaikamua tena. Nikipata ile ya kwanza, nitafuata alama, na palipo na giza nitaambia mashine irudie picha badala ya kukimbia."

"Simu iko Molo."

"Basi nitangoja. Molo ni hapo tu, napita nikienda kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Keringet."

Wangare akaichomoa flash kwenye kompyuta. Molo na Keringet ni majirani, na majirani hao wana mambo yao. Mwaka ule wa fujo watu wa pande hizo mbili walipigana, na nyumba ya kina Wangare ilibaki kuta. Kimeli alimwona uso umebadilika. Kisha akavuta karatasi. "Wacha nikuandikie namba yangu," akasema.

Simu ilikawia kuteremka, kwa kuwa Mama Wangare hakutaka kuiachilia mpaka apate mtu wa kuaminika wa kuibeba. Kukawia huko hakukumuudhi mtu. Wangare alikuwa akikata vioo vya miwani katika duka moja kwenye barabara ya Kenyatta, na saa ya chakula cha mchana ikawa inamkuta mara nyingi Nyayo Gardens, kwenye benchi, na pakiti ya chipsi kati yake na Kimeli.

"Sasa, mrembo wa viazi."

"Poa, fundi wa midomo. Geuka, jua liko nyuma yako, sioni kitu."

"Leo nitakushinda. Nasema bila sauti, wewe usome." Akachezesha midomo.

"Umesema chipsi zimezidi chumvi."

Akachezesha tena, polepole zaidi. Wangare akaangalia chini, akavuta sketi magotini.

"Nimesema nini?"

"Unajua ulichosema."

"Nataka kusikia ukikisema."

"Umesema napendeza kuliko maharusi wote umewahi kupiga picha."

"Na ni kweli."

"Watu hunidanganya kwa sauti," Wangare akasema, akicheka. "Kwa midomo hawawezi. Macho yangu hayakosei."

Walijaribu simu ya video, lakini mtandao haukuwapenda, uso wa Kimeli ulikwama mdomo wazi, na Wangare akamwandikia: "Umekuwa kama samaki wa Naivasha." Naye akajibu: "Samaki huyu anakupenda. Hiyo umeisoma ama nirudie?" Wangare alilisoma neno hilo akiwa kazini, akaharibu kioo cha mtu.

Jambo moja tu lilimtatiza. Kimeli hakupatikana Jumamosi. Wangare angeuliza, naye angejibu, "Jumamosi niko na shughuli," na kugeuza maneno. Wangare akaliweka moyoni.

Simu ya Mzee ilipofika hatimaye, Kimeli aliinakili video yote kwenye kompyuta yake, akaandika namba ya simu hiyo, na kumrudishia Wangare siku hiyo hiyo ili irudi Molo. Alipokutana naye tena alikuwa mpole kuliko kawaida.

"Nimesikia sehemu yako," akasema. "Sikutaka, lakini ilikuwa lazima niicheze."

"Usiniambie!"

"Siwezi kukuambia. Si yangu kusema." Akamshika mkono, na Wangare akauacha pale.

Wiki iliyofuata Wangare alinunua mandazi ya moto, akajipaka rangi ya midomo nyekundu ambayo hakuizoea, akapanda zile ngazi. Kimeli alikuwa ndani, amesimama nyuma ya kioo, simu sikioni, macho sakafuni. Wangare akasimama kumngoja amalize. Hakukusudia kusoma. Ila macho ya mtu kama yeye hayana mlango wa kufunga.

"Hapana, boss," midomo ya Kimeli ilisema. "Jumamosi usinihesabu. Jumamosi ni bibi na watoto." Kisha akacheka, kicheko cha mume anayewapenda wa kwake.

Wangare akaitundika karatasi ya mandazi kwenye kitasa cha mlango, akateremka.

Jioni alimwandikia: "Asante kwa kazi. Usiendelee. Nitapata mtu mwingine."

"Mtu mwingine kwa nini? Umekuja ukaacha mandazi, hukuingia. Nimekukosea wapi?"

"Hakuna."

"Wangare, niambie."

Hakumwambia. Kimeli alipopiga simu ya video, Wangare aliigeuza simu kifudifudi. Kimeli alipokuja mpaka duka la miwani, Wangare aliingia chumba cha nyuma na kumwomba mwenzake aseme ametoka. Alisimama mbele ya mashine ya kusaga vioo, maji yanarukaruka, na kama yake mwenyewe yalikuwemo hakuna aliyejua.

Mtu atasema, si angeuliza tu? Lakini tangu utotoni Wangare alikuwa amezoea jibu moja: hukusikia vizuri, hukuelewa, umekosea. Muuzaji aliyemdanganya kuhusu bei alimwambia hivyo. Fundi wa kwanza wa video alimwambia hivyo. Akimwuliza Kimeli, naye atasema hivyo hivyo, na kutoka kwake hangeweza kulistahimili.

Siku ya shukrani ikakaribia bila yeye kupata fundi mwingine. Alimwandikia mamake kwamba video itabidi waisahau. Alitarajia maneno mengi. Mama Wangare alijibu kwa ufupi: "Wewe leta keki."

Jumamosi ya shukrani Molo ilikuwa na baridi yake ya kawaida, ukungu bado umelala juu ya mashamba. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, wanawake wakiponda mukimo wa viazi na njegere kwenye masufuria makubwa. Wangare alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani lenye mikono ya kuvimba, lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, na juu yake sweta nzito, kwani Molo haijali fasheni. Alikuwa akipanga vikombe alipoona wageni wote wakigeuka kutazama langoni. Akatazama naye.

Gari la kanisa lilikuwa limeingia. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Kimeli, amevaa suti ya kijivu iliyompungukia mikononi. Wangare akaweka kikombe chini, kisha mlango wa nyuma nao ukafunguka na watoto wakaanza kushuka. Akashuka msichana wa nywele za kusuka. Wakashuka wavulana wawili wanaofanana. Akashuka kibonge mmoja mwenye ngoma. Wakashuka wengine, na wengine tena, wote na kola za buluu, mpaka Wangare akaacha kuhesabu. Hata mwanamke anayejifungua mapacha kila mwaka asingewamaliza kuwazaa hao kwa umri wa Kimeli.

Alimwendea mikono imeshika kiuno. Kimeli alimwona, akasimama mahali ambapo mwanga ulimwangukia usoni.

"Umekuja na watoto wako?" Wangare akauliza.

"Wote. Kasoro wawili wana homa."

"Na bibi umemwacha wapi?"

"Bibi gani?"

"Bibi wa Jumamosi. Nilikuona kwa kioo ukiongea na simu. Ulisema Jumamosi ni bibi na watoto."

Kimeli akakunja uso, akitafuta. Midomo ikajaribu maneno hayo bila mlio. Kisha macho yakamtoka. "Wangare. Nilisema Jumamosi ni *mimi* na watoto. Hawa ni kwaya ya watoto ya kanisa letu, kule mtaa wa Free Area, Nakuru. Mimi ndio nawafundisha, kila Jumamosi."

Wangare akasimama tuli. Akalisema *mimi* kimoyomoyo, midomo ikakutana na kuachana mara mbili. Akalisema *bibi*. Ikakutana na kuachana vile vile. Hakuna jicho duniani linaloweza kuyatenganisha maneno hayo mawili, na hilo alifundishwa akiwa mdogo: panapofanana, chagua linaloingia. Na yeye alikuwa amelichagua linaloumiza.

"Kwa nini hukuniuliza?" Kimeli akasema.

"Niliogopa utaniambia sikusikia vizuri."

"Ningekuambia hivyo."

"Ndio. Na ungekuwa na haki." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Na wewe, kwa nini ulinificha?"

Kimeli akajikuna shingo. "Msichana wa mwisho niliyemwambia aliniita mwalimu wa nasari. Alicheka, halafu akaenda. Nikasema huyu nitamwambia nikishajua hataenda. Kumbe ulienda tu."

"Nisamehe, Kimeli."

"Nisamehe na mimi. Zile mandazi nilizila zote, nikilia."

"Uongo."

"Moja nililia. Zingine nilikuwa nimezoea."

Wangare akacheka. Mamake alikuwa amewafikia, leso kiunoni, mwiko mkononi, na bila kujua chochote akaeleza kila kitu. "Huyu kijana alipiga simu ya baba yako, ati wewe hupatikani na video iko tayari. Nikamwambia alete mwenyewe Jumamosi. Akaniambia, mathe, Jumamosi ni mimi na watoto wa kwaya. Nikamwambia basi walete waimbe, chakula kiko. Kwani nilikosea?"

"Hujakosea, mama," Wangare akasema.

Watoto waliimba, mchungaji akaomba, kisha televisheni ikawashwa. Mzee Mbugua mwenyewe aliketi mbele, koti lile lile la kanisani, kitambaa cheupe shingoni, akijitazama kama anayemkagua mtu wa kuajiriwa. Sauti yake ikajaa hema, nzito, ya mikwaruzo, na wanawake waliomsikia mara ya mwisho mwaka uliopita wakaanza kupangusa macho. Wingu likaufunika uso wake sebuleni, jua likarudi, wingu tena. Mdomo haukuiacha sauti. Kila neno lilifika pamoja na midomo yake, na Wangare, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, hakupoteza hata moja.

Mwisho Mzee kwenye video akalegeza kola.

"Wangare," akasema. "Ulipougua ukapoteza masikio, mimi nililia nyuma ya zizi, mahali mama yako hawezi kuniona. Nilidhani mtoto wangu hatanijua sauti. Sasa mimi ndio naipoteza. Nimefikiria sana jambo hili, na sioni kama ni baya lote. Nikitoka hospitali hawa wengine watanitafuta kwa karatasi. Wewe utanisikia. Kwa hivyo kaa karibu."

Akanyanyuka kitini, akaja mbele, picha ikazimika. Sauti ikazimika nayo.

Wangare akainuka. Alienda akapiga magoti mbele ya kiti cha babake, akalaza kichwa pale, na Mzee akamwekea mkono juu ya nywele mpaka watu wakaanza kupita na sahani.

Baada ya kula, Mzee aligonga kikombe kwa kijiko. Alimwonyesha Kimeli kidole, akamwonyesha Wangare asimame. Watu walijua maana yake: Mzee ataongea, binti atatoa sauti.

"Baba anasema asante kwa kazi nzuri," Wangare akaanza. "Anauliza kwenu ni wapi."

"Keringet, mzee."

 Vijiko viwili vitatu vilisimama. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilijua, kisha mdomo ukacheza tena. Wangare akababaika.

"Anauliza... anauliza kama umekuja kwa sababu ya video, ama..."

"Ama nini? Sema, watu wasikie!" mamake akasema kutoka upande wa masufuria.

"Ama kwa sababu yangu."

Kicheko kikazuka. Kimeli alisimama, akavuta mikono ya suti iliyokataa kufika. "Mzee, video ningeipatia mtu yeyote wa kuja Molo akuletee."

Vigelegele vikapigwa. Mzee akangoja vitulie, akamkazia Kimeli macho, akaongea kwa kirefu, midomo ikitamka polepole kila neno. Wangare akaona uso ukimwaka moto mpaka masikioni. Akawageukia watu.

"Anasema chakula kinapoa, watu wale."

"Mzee hajasema hivyo," Kimeli akasema.

Watu wote wakamgeukia.

"Nimekaa na mdomo wa mzee huyu kwa kompyuta wiki baada ya wiki, nikiulinganisha na sauti neno kwa neno. Sasa najua vile unaenda." Akamtazama Mzee moja kwa moja. "Mzee amesema niwalete wazee wetu. Amesema waje mchana, mtawapikia."

Mzee Mbugua alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka bila mlio, mabega yakitikisika.

"Wangare!" mamake akaita. Mwiko ulikuwa umesimama hewani. "Ni kweli hivyo ndivyo amesema?"

Wangare alimtazama babake, akamtazama Kimeli aliyesimama kwenye mwanga wa mlango wa hema, akingoja.

"Ni kweli," akasema. "Na amesema wasikawie."

Hilo la mwisho Mzee hakulisema. Lakini hakulikana.